Kivuli ndani ya kifua: tezi ya watoto iliyowapoteza waganga kwa miaka mingi

Mtoto akikohoa zaidi ya wiki mbili, Kamina kama kwingine, muganga atataka picha ya kifua. Watu wengi wanaiita radio, neno lile lile la chombo wanachosikilizia habari, na utani haukosi: mtu akisema "nimetoka kupita radio", mwenzake anamuuliza amemsalimia nani hewani. Utani unaisha pale picha inaponyanyuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya kifua cha mtoto, juu ya moyo, kuna kivuli cheupe kipana. Wakati mwingine kinachomoza upande wa kuume kama tanga la mashua. Mama anakiona kabla muganga hajasema neno. Ni kifua kikuu? Ni uvimbe? Ni kansere?

Kwa mtoto mdogo, mara nyingi kivuli hicho si ugonjwa. Ni tezi ambayo kila mtoto anazaliwa nayo, na waganga wanaiita timusi. Jibu linaonekana jepesi, lakini waganga walihitaji zaidi ya miaka 50 tangu picha za kwanza ili kulikubali wote, na njiani maelfu ya watoto, hasa wa Marekani, walichomwa mionzi kwa ajili ya kivuli ambacho hakikuwa na kosa. Sehemu moja ya historia hiyo inapita Katanga, katika udongo wa Shinkolobwe. Sehemu nyingine inapita katika sahani ya mtoto aliyekimbia vita pamoja na wazazi wake.

Timusi inakaa nyuma ya mfupa wa katikati ya kifua, mbele ya moyo na mishipa mikubwa ya damu. Ni laini, ina sehemu mbili. Wachinjaji wanaijua kwa ndama: ni kile kipande laini cha kuanzia shingoni hadi kifuani ambacho kwa ng'ombe mzee hakionekani tena. Kwa mtu ni hivyo hivyo. Mtoto mchanga ana timusi kubwa sana ukilinganisha na mwili wake. Baada ya kubalehe inaanza kunyauka, na mafuta yanachukua nafasi yake kidogo kidogo. Ukimpasua mzee wa miaka 70 utakuta pale mafuta zaidi kuliko tezi.

Waganga wa zamani hawakujua kazi yake, na kitu kisichojulikana kazi yake ni rahisi kukilaumu. Mwaka wa 1614, katika mji wa Basel, muganga Felix Platter aliandika habari ya mtoto aliyekufa ghafula kwa kukosa pumzi. Walipompasua walikuta timusi kubwa, wakasema hiyo ndiyo iliyomkaba. Mwaka wa 1830 Mjerumani Kopp aliupa ugonjwa huo jina, pumu ya timusi. Mwaka wa 1889 Arnold Paltauf wa Vienna alikwenda mbele zaidi: alisema kuna watu waliozaliwa na mwili dhaifu, na alama yao ni timusi kubwa. Watu hao, alisema, wanaweza kufa kwa sababu ndogo tu, kama kuoga maji baridi au kuogopa.

Maelezo hayo yaliwapendeza wengi. Wakati ule klorofomu ilitumiwa kuwalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, na watoto wengine hawakuamka tena. Ilikuwa raha zaidi kuandika kwamba mtoto alikuwa na timusi kubwa kuliko kuandika kwamba dawa ilizidi kipimo.

Lakini kubwa kuliko nini? Hilo ndilo swali ambalo wengi hawakuliuliza. Ili kusema kitu ni kikubwa kupita kiasi, lazima ujue kiasi chake. Waganga wa karne ya 19 walijifunza mwili wa binadamu kwa kupasua maiti, na maiti zile zilikuwa za nani? Za maskini. Kwa Uingereza, sheria ya mwaka wa 1832 iliruhusu maiti za watu waliokufa katika nyumba za maskini, ambao ndugu hawakuja kuwadai, zipelekwe katika shule za waganga. Watoto wa watu kama hao hawakuwa wamekufa kwa siku moja. Walikuwa wameugua kwa miezi, kifua kikuu au kuhara, na njaa juu yake.

Na timusi ina tabia moja ambayo leo inajulikana vizuri: mwili ukiteseka, yenyewe inanyauka ya kwanza. Homa kali, njaa, au kuugua kwa muda mrefu, vyote vinaifanya isinyae haraka, wakati mwingine katika siku chache tu. Kwa hiyo waganga waliangalia timusi ndogo iliyoliwa na njaa wakasema huo ndio ukubwa wa kawaida. Kisha walipompata mtoto mwenye afya aliyekufa ghafula usiku, au kijana mzima aliyekufa katika ajali, waliona timusi yake nene na yenye uzima wakasema huu ni ugonjwa. Kosa lilianzia mezani, kwa maiti ya maskini, miaka mingi kabla mashine ya picha haijatengenezwa.

Mashine ikaja. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ambayo aliipa jina la X. Wiki chache baadaye alipiga picha ya mkono wa mke wake, na mifupa pamoja na pete ya ndoa vikaonekana. Haikuchukua miaka mingi kabla waganga hawajaanza kupiga picha vifua vya watoto wachanga. Na ndani ya vifua hivyo waliona nini? Kivuli kipana juu ya moyo. Kile walichokuwa wakikiogopa kwa maiti, sasa walikiona kwa mtoto aliye hai, analia mikononi mwa mama yake.

Mwaka wa 1907, katika mji wa Cincinnati, muganga Alfred Friedländer alitangaza kwamba amemtibu mtoto mwenye timusi kubwa kwa kumchoma mionzi ile ile ya X. Kivuli kilipungua na mtoto akapona. Kupungua hakukuwa uongo, maana chembe za timusi ni dhaifu sana mbele ya mionzi, zinakufa haraka kuliko chembe nyingi za mwili. Shida ni kwamba watoto wengi waliopumua kwa kelele wakati ule walikuwa na koo laini ambalo linakomaa lenyewe mtoto anapokua, au walikuwa na mafua tu. Wangepona hata bila mashine. Lakini mzazi aliyeona picha mbili, ya kwanza na kivuli na ya pili bila kivuli, angewezaje kubisha?

Dawa hiyo ikaenea. Hospitali nyingine za Marekani zilianza kumpiga picha kila mtoto aliyetakiwa kukatwa tonsili, na mwenye kivuli alichomwa kwanza. Watoto wachanga wasio na dalili yoyote nao walichomwa, eti kwa kinga.

Hapa Katanga inaingia. Ili kuelewa kwa nini watu wa wakati ule hawakuogopa mionzi, lazima kukumbuka radiumu. Marie na Pierre Curie waliitangaza mwaka wa 1898, na kwa miaka ilikuwa kitu adimu na cha bei kubwa kuliko dhahabu, kilichopatikana kidogo kidogo. Mwaka wa 1915 katika Shinkolobwe, karibu na Likasi, kulipatikana mawe yenye uraniumu na radiumu nyingi ambayo dunia haikuwa imeyaona mfano wake. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuyachimba baada ya vita ya kwanza ya dunia. Watu wa Katanga waliyachimba na kuyachagua kwa mikono, yakapakiwa na kupelekwa Olen, Ubelgiji, ambako radiumu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1922. Miaka michache baadaye Ubelgiji ilikuwa inatawala soko la radiumu la dunia, na hospitali za Ulaya na Marekani ziliweza kununua kitu ambacho zamani zilikisikia tu.

Radiumu ilisaidia wagonjwa wengi wa kansere, hilo lisifichwe. Lakini ilileta pia mapenzi ya kijinga. Iliuzwa ndani ya maji ya kunywa na ndani ya mafuta ya kujipaka uso. Kwa timusi waganga wengi walitumia mashine ya mionzi X, na wengine walimwekea mtoto radiumu juu ya kifua. Wale waliochimba mawe hawakuingia katika vitabu vya waganga hao, wala kama wagonjwa wala kama wafanyakazi. Mgodi wenyewe, ambao ulitoa pia sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililopiga Hiroshima mwaka wa 1945, ulifungwa kwa amri ya rais wa Congo mwaka wa 2004.

Waliokuwa na mashaka hawakukosekana. Vita ya kwanza ya dunia ilileta mezani maiti za aina nyingine, vijana wenye nguvu waliokufa kwa risasi wakiwa wamekula vizuri. Timusi zao zilikuwa kubwa kuliko vitabu vilivyosema. Waingereza waliunda kamati ya kupima jambo hilo kwa mizani, na mwaka wa 1931 matokeo yalitangazwa: hakuna ushahidi kwamba ugonjwa wa Paltauf upo. Tangazo lilikuwa wazi kabisa. Lakini lilitolewa London, na mashine ziliendelea kufanya kazi Marekani miaka mingine 20 na zaidi. Muganga aliyewachoma watoto 200 na wote wakapona hawezi kuamini karatasi kwa urahisi.

Malipo yalikuja kwa kuchelewa, na yalikuja shingoni. Mashine haikuchoma timusi peke yake, ilichoma pia tezi ya shingo, ile inayovimba mtu akiwa na rovu. Mwaka wa 1950 waganga Duffy na Fitzgerald wa New York walichunguza watoto na vijana 28 waliokuwa na kansere ya tezi hiyo, kitu ambacho kwa mtoto ni nadra sana. Waliwauliza wazazi habari za zamani. Karibu theluthi yao walikuwa wamechomwa kwa ajili ya timusi walipokuwa wachanga.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika Rochester, mji mwingine wa jimbo la New York. Muganga Louis Hempelmann na wenzake walifungua madaftari ya zamani ya hospitali, wakatafuta mmoja mmoja watu zaidi ya 2,600 waliochomwa timusi kati ya mwaka wa 1926 na 1957. Akili yao ilikuwa katika kulinganisha: waliwatafuta pia ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuchomwa. Nyumba moja, chakula kimoja, damu moja, tofauti ni mashine. Waliochomwa walipata kansere ya tezi ya shingo mara nyingi zaidi kuliko ndugu zao. Baadaye ikaonekana kwamba wasichana waliochomwa, walipokuwa mama wazima, walipata kansere ya matiti zaidi pia. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa wengine.

Mpaka wakati huo bado hakuna aliyejua tezi hiyo inafanya nini. Jibu lilitoka mwaka wa 1961, London, kwa muganga kijana Jacques Miller. Aliitoa timusi ya panya waliozaliwa siku ile ile, akaona wanakonda na kufa kwa magonjwa ambayo wenzao waliyashinda. Timusi ndiyo shule ya askari wa mwili. Chembe nyeupe za damu zinaingia pale zikiwa hazijui kitu, zinafundishwa kumjua adui na kumwacha mwenyeji, na zile zinazoshindwa mtihani zinauawa pale pale. Waganga wanaziita chembe T, na hiyo T ni ya timusi. Ndizo chembe ambazo virusi vya Ukimwi vinazishambulia. Kiungo ambacho watoto walichomwa kwa ajili yake ndicho kilichokuwa kinawalinda.

Kuna kivuli kingine cha mahali hapo hapo, na hicho si cha kuchezea. Kwa mtu mzima, hasa kati ya miaka 40 na 60, mabaki ya timusi yanaweza kutoa uvimbe wa kweli. Waganga wanauita timoma. Ni ugonjwa wa nadra: hesabu za Marekani zinatoa kama mtu mmoja au wawili kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Nyingi zinakua polepole sana na hazisumbui, nyingine zinaingia ndani ya pafu na mishipa ya moyo. Na karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye timoma anapata ugonjwa mwingine wa ajabu unaokwenda nao, miastenia. Mjerumani Carl Weigert aliona uhusiano huo mwaka wa 1901, alipokuta uvimbe wa timusi kwa mtu aliyekufa kwa udhaifu wa misuli.

Miastenia inafaa ielezwe taratibu, kwa sababu inawachanganya watu wa mijini na vijijini sawasawa. Asubuhi mtu anaamka vizuri. Mchana kope la jicho moja linaanza kuanguka. Jioni anaona vitu viwili viwili, sauti inatokea puani, na akila bukari anachoka kutafuna kabla sahani haijaisha. Akilala, kesho yake amerudi mzima. Familia nyingi zikiona hivyo zinawaza ulozi, na hoja yao si ya kipumbavu: ugonjwa wa kawaida, wanasema, haufuati saa. Huu unafuata. Mwili unatengeneza silaha dhidi ya mahali ambapo mshipa wa fahamu unampa msuli amri yake. Amri za kwanza za siku zinapita, za baadaye zinapotea njiani, na mapumziko yanarudisha nguvu kwa muda. Shule ya timusi ikiharibika, askari wake wanaanza kumpiga mwenyeji.

Mwaka wa 1934, Uingereza, muganga Mary Walker aligundua kwamba dawa moja ya sindano inainua kope kwa saa chache. Mwaka wa 1936, Nashville, Alfred Blalock alimpasua mwanamke kijana mwenye miastenia na uvimbe wa timusi, akautoa, na mgonjwa akapata nafuu. Blalock ni yule yule aliyejulikana baadaye kwa upasuaji wa moyo wa watoto, kazi iliyotegemea sana mikono ya msaidizi wake mweusi, Vivien Thomas, ambaye kwa miaka mingi hakutajwa.

Kuanzia hapo picha ilipata kazi mpya, kumtafuta adui wa kweli mahali ambapo zamani ilimtafuta adui wa uongo. Na kwa kazi hiyo picha ya kawaida ya kifua ni dhaifu. Timoma ndogo inajificha mbele ya moyo, nyuma ya mfupa. Picha ya ubavuni inasaidia kidogo. Mabadiliko yalikuja na skanere. Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg, alianza kufikiri hesabu zake mwaka wa 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine yenyewe ndani ya kampuni ya EMI ya Uingereza, iliyojulikana zaidi kwa sahani za muziki, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Mmoja wao, basi, mawazo yake yalianzia katika hospitali ya Afrika.

Skanere inamkata mtu kwa picha vipande vyembamba kama mkate, bila kisu. Msomaji wa picha anaangalia ukingo wa uvimbe: ni laini kama yai, au una meno? Je, kati ya uvimbe na mshipa mkubwa bado kuna mstari wa mafuta, au umefutika? Je, kuna vidonge vidogo vilivyopandwa juu ya ngozi ya pafu, upande mmoja? Mjapani Akira Masaoka aliyapanga maswali ya namna hiyo mwaka wa 1981 katika hatua nne, kuanzia uvimbe uliofungwa ndani ya mfuko wake hadi ule uliosafiri mbali. Mpaka leo wapasuaji wanazitumia hatua hizo, zikiwa zimerekebishwa. Mashine ya sumaku, IRM, ina ujanja wake: inatambua mafuta yaliyochanganyika na tezi. Timusi iliyovimba tu ina mafuta ndani na inabadilika rangi katika picha, uvimbe haubadiliki.

Kwa mtu wa Kamina hayo yote yako mbali. Lubumbashi ni karibu kilomita 600 kwa reli, na treni ina saa zake. Kwa hiyo yafaa kujua kinachoweza kufanyika kabla ya safari. Kipande cha barafu kilichofungwa katika kitambaa, kikiwekwa juu ya kope lililoanguka kwa dakika mbili, kinaweza kuliinua kwa muda kama shida ni miastenia, kwa sababu baridi inausaidia msuli kupata amri yake. Si kipimo cha mwisho, lakini ni dalili nzuri ya kumwonyesha muganga. Jambo la pili ni kubwa zaidi mahali penye malaria: kinini inaweza kumzidishia mtu wa miastenia udhaifu, hata pumzi ikakatika. Gentamisini pia. Mgonjwa ambaye kope zake zinaanguka jioni amwambie muganga hilo kabla ya sindano yoyote, na muganga atachagua dawa nyingine au atamwangalia kwa karibu.

Turudi kwa watoto, na kwa njaa. Kifua cha mtoto mdogo bado kina mifupa laini ambayo sauti inaweza kupita, kwa hiyo timusi yake inaonekana kwa ekografi, mashine ile ile inayotumiwa kwa mama wajawazito, bila mionzi yoyote. Katika miaka ya 1990, huko Cochabamba, Bolivia, waganga walitumia ekografi kupima timusi za watoto wenye utapiamlo mkali, ule ambao watu wa Kivu wanauita bwaki. Tezi ilikuwa karibu imetoweka. Walipowalisha, uzito ulirudi katika muda wa mwezi mmoja hivi. Timusi haikurudi kwa mwendo huo, ilihitaji kama miezi miwili. Guinea-Bissau, mwaka wa 2002, watafiti walionyesha kwamba watoto waliozaliwa na timusi ndogo walikufa zaidi katika utoto wao. Gambia, katika kijiji cha Keneba, timusi za watoto wachanga zilionekana kuwa ndogo zaidi katika majira ya njaa, kabla ya mavuno.

Familia zilizokimbia Mitwaba na Malemba-Nkulu wakati wa vita vya Mai-Mai, miaka ya 2000, na zile zinazokimbia leo, zinaijua hali hiyo bila ekografi. Mtoto anatoka katika kituo cha lishe, mashavu yamejaa, mkanda wa kupimia mkono umefika kwenye kijani. Wiki tatu baadaye amerudi na nimonia. Jirani anasema mama hakumlisha. Pengine alimlisha vizuri sana. Uzito ulikuwa umerudi, shule ya askari bado ilikuwa imefungwa. Ndiyo maana mwezi wa pili baada ya kutoka kituoni ni wa hatari, na homa ya mtoto huyo haifai kungojewa mpaka kesho.

Na timusi ikirudi, inaweza kurudi kwa nguvu, kubwa kuliko ilivyokuwa. Waganga wanaliona hilo pia kwa watoto waliotibiwa kansere, kama ile ya taya ambayo Denis Burkitt aliiandika Uganda mwaka wa 1958. Dawa kali zinainyausha timusi. Miezi baadaye mtoto amepona, kifua kinapigwa picha, na kivuli kipana kiko pale tena. Mzazi analia kwamba kansere imerudi. Mara nyingi ni timusi imerudi kazini.

Namna ya kuwatofautisha inafundishwa siku hizi kwa kila anayesoma picha za watoto. Timusi ni laini, haisukumi kitu: koo la hewa linabaki mahali pake. Mbavu zinaibonyeza, kwa hiyo ukingo wake una mawimbi. Mtoto akivuta pumzi inakuwa nyembamba, akitoa pumzi inapanuka, ndiyo maana picha iliyopigwa wakati analia inaweza kuonyesha kivuli mara mbili ya kile cha kweli. Matezi ya kifua kikuu yanasukuma na kukaba. Timoma kwa mtoto ni kitu cha nadra kabisa, na uvimbe mwingine wa damu unaotokea pale unakuja pamoja na homa, kukonda na shingo iliyovimba.

Lakini kipimo chenye nguvu kuliko vyote kwa hospitali isiyo na skanere ni picha ya zamani. Familia inayokimbia inabeba kadi ya mchaguzi, kadi za chanjo, labda karatasi za shule. Picha ya kifua inaachwa juu ya kabati kwa sababu ni kubwa na inaonekana haina kazi tena. Inaweza kuviringishwa bila kukunjwa, ikatiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiiguse, pamoja na tarehe iliyoandikwa pembeni. Muganga akiwa nazo mbili, ya leo na ya mwaka jana, ataziweka sambamba kwenye kioo cha dirisha na kuangalia ukingo mmoja tu wa kivuli, kama umesogea au umebaki pale pale.